Marehemu Anaomba Chumba

Wiki iliyopita tulimwacha Berthe dirishani na marehemu getini. Tangu wakati huo hakuna aliyesogea.

Kwa msomaji ambaye gazeti lake lilifungiwa karanga kabla hajalisoma, mambo yako hivi. Kila asubuhi Berthe hufungua mbao za madirisha ya nyumba yao ya wageni hapa Likasi. Huanzia chumba cha kulia, hupanda ghorofani, humalizia dirisha la ngazi linalotazama barabara. Anasukuma ubao, anautia ndoano ukutani, anafuta vumbi kwa kiganja. Kazi hiyo haikuwahi kumletea habari yoyote. Asubuhi hii alisukuma ubao wa mwisho akaona mzungu mzee amekalia sanduku mbele ya geti. Alikuwa Monsieur Georges, mwenye nyumba wa zamani, ambaye familia nzima ilimlilia mwaka juzi mpaka kunyoa nywele.

Berthe alifunga dirisha. Akalifungua tena. Marehemu alikuwa anafuta miwani.

Akashuka. Mzee alisimama, akavua kofia, akasoma kibao kilichopigiliwa juu ya geti: CHEZ OCTAVE. VYUMBA SAFI. HESHIMA KWA WOTE.

“Iko chumba?” aliuliza.

Berthe alikulia katika kazi ya wageni. Mama yake alimfundisha kwamba mteja akiuliza, anajibiwa. Mshangao unangoja zamu yake.

“Na maji ao bila maji?”

“Tofauti ni nini?”

“Na maji, tunakuletea ndoo ku mulango. Bila maji, unashuka weye mwenyewe ku kisima.”

“Mu hii nyumba kuko robinet ya maji kila fasi. Baba yangu njo aliziweka.”

“Robinet ziko,” alisema Berthe. “Maji njo haiko.”

Monsieur Georges alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyetegemea habari mbaya zaidi.

“Basi bila maji. Octave iko?”

Octave alikuwa baba yake Berthe. Octave hakuwa hai. Lakini kwetu mtu aliyetoka safari haambiwi kifo akiwa amesimama mlangoni. Kwanza anakaa, anakunywa maji, anakula. Habari mbaya hungoja sahani iondolewe.

“Utakula kwanza,” alisema Berthe, akachukua sanduku.

Sasa maneno machache juu ya nyumba, halafu tukimbie. Watu wa mtaa huiita Nyumba ya Mfaransa. Ilijengwa na babake Georges, Mfaransa aliyeishi kati ya Wabelgiji, na aliijenga kwa ghorofa ili Wabelgiji wasikose kuiona. Georges alizaliwa humo, akazeekea humo, Octave akimpikia. Mwaka 91, siku za uporaji, askari wa kigeni walipokuja kuwahamisha wazungu kwa malori, Georges alisimama pale getini akamwambia Octave neno moja: “Linda.”

Octave alilinda. Kisha mishahara ya mji ikakatika, matumbo hayakukatika, na Octave na mkewe Eugénie wakaanza kulaza wageni: wauza samaki wa ziwa Tshangalele, madereva, wahubiri. Barua hazikuja, maana posta ilikufa kabla ya watu wote. Halafu msafiri mmoja akaleta habari kwamba yule mzee Mfaransa wa Likasi amefia Ulaya. Likasi ilikuwa imetoa wazee wawili Wafaransa. Hakuna aliyeuliza ni yupi.

Twende.

Mama Eugénie alitoka jikoni akifuta mikono kwa aproni. Ni mwanamke asiyepaza sauti. Katika maisha yake ana jibu moja analowapa watu wote, nalo ni “sawa unapenda.” Mteja akitaka chumba cha juu, sawa unapenda. Akitaka kuhamia cha chini, sawa unapenda. Akitaka kulala na mbuzi wake, Mama Eugénie hutazama mbuzi, huvuta pumzi, sawa unapenda.

Alimwona Georges. Alimtazama viatu, kisha uso.

“Monsieur Georges,” alisema. “Weye ulisha kufwa.”

“Nani alisema?”

“Bantu.”

“Bantu gani?”

“Bote. Tulifanya kilio. Padri alisoma misa.”

“Ilikuwa muzuri?”

“Muzuri. Bantu balikuya bengi. Tulichinja mbuzi.”

“Mbuzi,” alisema Georges kwa heshima. “Aksanti, Eugénie.”

“Hakuna neno.”

Georges alitaka kupanda baraza. Ufagio ukamzuia.

Ufagio ulishikwa na Tantine Suzanne, dada mkubwa wa marehemu Octave, ambaye katika nyumba hii hana cheo chochote isipokuwa cha mwisho. Asemalo yeye halisemwi tena na mwingine.

“Hapana kupita hapa,” alisema Suzanne. “Muntu balisha kumulilia hapitake ku mulango ya bazima. Anazunguka nyuma, anaingia ku jikoni, sawa mutoto anazaliwa.”

“Suzanne, habari yako?”

“Yangu muzuri. Yako njo haijulikane. Berthe, leta pemba.”

Berthe alileta chokaa nyeupe kwenye kisahani. Suzanne alichovya kidole, akamchora Georges mstari kwenye paji la uso. Haukuonekana. Akachora wa pili. Nao haukuonekana.

“Iko mweupe kupita pemba,” alisema Suzanne kwa lawama.

“Nilizaliwa hivi.”

Berthe alipendekeza masizi ya sufuria. Tantine Suzanne alimtazama mpaka akaacha kupendekeza. Mwishowe walimpaka pemba kwenye koti, ambalo lilikuwa la buluu. Ikaonekana vizuri, na kila mtu akaridhika.

Hivyo ndivyo Monsieur Georges alivyoingia katika nyumba ya baba yake kupitia jikoni, akiinama chini ya kamba ya mashuka.

* * *

Walimkalisha mezani, wakampa chai na bukari, yaani ugali, ya jana iliyokaangwa.

“Octave iko ku soko?” aliuliza.

“Ukule kwanza,” alisema Mama Eugénie.

“Iko mugonjwa?”

“Chai itapola, Monsieur Georges.”

Pasta Kabongo wa chumba cha pili alikuwa ameshuka ngazi na kusimama hapo muda mrefu, akiwa na mswaki mdomoni. Pasta amekuja Likasi kwa ajili ya mikutano ya maombi. Amefunga, ameomba, amengojea ishara. Hakutegemea kwamba ishara ingekuja na sanduku.

Alivuta kiti.

“Papa, banasema ulikufwa.”

“Nasikia vile.”

“Ile wakati yote ulikuwa fasi gani?”

“Ku Lyon.”

Pasta alifikiri. Katika Maandiko hakukumbuka Lyon.

“Na kule iko namna gani?”

“Baridi.”

“Baridi?” Pasta alisogea karibu. “Hakuna moto?”

“Kidogo. Mwezi wa saba.”

Pasta Kabongo aliegemea kiti chake. Amehubiri moto tangu apate wito, na watu wameokoka kwa sababu ya ule moto.

“Siku ya Mungu utakuya ku kanisa kutoa ushuhuda?” aliuliza hatimaye.

“Ushuhuda ya nini?”

“Ya ile baridi,” alisema Pasta. “Tutatafuta namna ya kuieleza.”

Tantine Suzanne hakuwa na subira na Lyon. Aliingia akapiga meza kwa kiganja.

“Kazi haiishe na pemba,” alisema. “Siku ya kumaliza kilio niligawanya bintu ya huyu muzungu. Kila muntu alilia, alikamata kintu yake. Sasa iko muzima. Bintu yote irudie mbele jua ilale. Kama hata moja inabakia inje, mwaka hauishe, naye atarudia kule alitoka.”

“Lyon?” aliuliza Pasta.

“Hapana,” alisema Suzanne.

* * *

Berthe alitumwa mtaani. Alikwenda nyumba hadi nyumba na ujumbe ambao hakuna aliyemfundisha namna ya kuutoa. Aliusema hivi: “Tantine anasalimia. Marehemu amerudi, anaomba bintu yake.”

Watu wa Likasi wa mwaka huu wa 1995 wameona mengi, na hili walilipokea bila kelele. Kabla ya saa sita walijipanga uani.

Bibi mmoja alirudisha kikombe. “Sikio yake ilivunjika,” alisema, “lakini minaleta na sikio.”

Kiti cha kutikisika kilirudi kikiwa na mguu mpya wa bomba la maji. Mwavuli ulirudi ukiwa mifupa. Germain, katekista, alivua shati la Georges alilokuwa amelivaa, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Akabaki na singleti. Akakataa kwenda nyumbani, kwa sababu kuondoka mbele ya mwenye shughuli ni utovu wa adabu.

Georges alimpa kila mmoja mkono.

“Aksanti kwa kunililia.”

“Hakuna neno, Monsieur.”

“Ulilia sana?”

“Katikati tu,” alisema Germain, ambaye kazi yake haimruhusu kudanganya.

Mwanamume mmoja aliuliza kama suruali inaweza kurudi kesho, maana leo ameivaa na ana safari ya Kapolowe. Tantine Suzanne alisema jua halijui Kapolowe. Wakampa kitenge cha kujifunga.

Berthe alikuwa akipanga vitu barazani, kofia juu ya vitabu, vitabu juu ya gramafoni, na hapo ndipo mkono wake ulipokwama hewani.

Alikumbuka siku ile ya kumaliza kilio. Tantine Suzanne alisimama katikati ya chumba cha kulia akagawa. Mashati, kwa Germain. Kikombe, kwa bibi. Suti nyeusi, kwa Octave. Na mwisho kabisa, akiwa ameshika ukuta kwa mkono wake: “Na nyumba, kwa Eugénie, juu njo alilia kupita bote.”

Watu wote waliitikia. Padri mwenyewe alikuwepo, akila mbuzi.

Berthe alimwendea shangazi yake, akasema polepole.

“Tantine. Na nyumba?”

“Nyumba nini?”

“Weye uliigawanya. Ulimupatia mama.”

Tantine Suzanne aligeuka akatazama ukuta. Alikaa kwenye kiti cha kutikisika, nacho kikatikisika.

Hawakuwa na nyumba nyingine. Ile ya kambi ya wafanyakazi waliiacha zamani, na humo sasa wanaishi watu wengine na watoto wao. Nje ya Nyumba ya Mfaransa kulikuwa na barabara tu.

“Labda nyumba haihesabiwe,” alisema Berthe.

“Mulango niliihesabia Georges asubuhi, nikamukataza kupita,” alisema Suzanne kwa sauti ndogo. “Nitasema nini sasa, ya kama mulango ni kintu na nyumba si kintu?”

Kando yao Mama Eugénie alikuwa akianua mashuka. Alikuwa amesikia. Alikunja shuka kwa nne, akalilaza juu ya mengine, akachukua lingine.

“Mama, umuulize alikuya juu ya nini,” Berthe alinong’ona.

“Muteja hamuulizake juu ya nini alikuya,” alisema Mama Eugénie. “Unamuulizaka kama atakula.”

Basi Berthe alikwenda kuuliza mwenyewe.

* * *

Alimkuta Georges ghorofani, mlangoni pa bafu la mama yake. Ndani ya bafu lile jeupe lenye miguu ya simba walilala samaki wakavu, wamepangwa vizuri, kichwa huku mkia kule.

“Ni ya muteja wa Tshangalele,” alisema Berthe. “Panya haipandake mu bafu. Inateleza.”

“Mama yangu alikuwa anaogopa panya,” alisema Georges. “Angefurahi.”

Akaendelea kutembea, akigusa kuta. Alifungua mlango wa chumba cha nne kabla Berthe hajamzuia. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Juu ya mto kulikuwa na miwani, na chini ya dirisha marundo ya vitabu vya hesabu.

“Unipe hii. Jua ya asubuhi inaingiaka hapa.”

“Haiwezekane. Iko na mwenyewe.”

“Nani?”

“Mwalimu Mukendi.”

“Iko ku masomo?”

“Alienda na treni,” alisema Berthe. “Mwaka 93, ile wakati balifukuza bantu ya Kasai. Mama alimutandikia kitanda ile siku, na anaitandika mpaka leo.”

Georges aliangalia miwani iliyokuwa juu ya mto.

“Alifika?”

“Hatujue.”

“Na yeye hamukumulilia?”

“Hapana. Hakuna muntu alituambia ya kama alikufwa.”

“Minye balibaambia.”

“Weye balituambia muzuri,” alisema Berthe. Kisha, kwa sababu alikuwa na haya na kwa sababu hakukuwa na njia nyingine, alimuuliza huku akitazama sakafu: “Monsieur Georges, ulikuya juu ya nini?”

Mzee alifunga mlango wa chumba cha nne taratibu, kama kuna mtu analala.

“Kumuuliza Octave neno moja,” alisema.

“Neno gani?”

Nje, honi ililia.

* * *

Pick-up nyeupe iliingia uani ikawasukuma waombolezaji pembeni. Akashuka mtu mnene, mwenye furaha, aliyevaa miwani ya jua na kushika futi ya kupimia. Jina lake Kitenge, mfanyabiashara wa Lubumbashi. Aliwasalimia wote, akawauliza kilio ni cha nani.

“Cha huyu,” alisema Germain, akimwonyesha Georges aliyekuwa akitoka jikoni.

“Ah bon,” alisema Kitenge, akampa Georges mkono. “Pole sana. Tulipanga leo, sivyo? Minapima kidogo, minaenda.”

“Unapima nini, Papa?” aliuliza Berthe.

“Nyumba, mwana. Itakuwa depot ya kuweka simenti. Ukuta hii ya katikati tutaibomoa, lori iingie mpaka ndani. Ni nyumba nguvu sana. Baliijengaka muzuri,” alisema Kitenge, akaupiga ukuta kofi la mapenzi.

Berthe alimgeukia Georges. Georges alikuwa akitazama pemba kwenye koti lake.

Mama Eugénie aliweka chini mashuka yake.

“Utakunywa chai?” alimuuliza Kitenge.

“Kama iko na sukari.”

“Iko.”

“Nitapimia na huku jikoni, inawezekana?”

Berthe alimwona mama yake anavuta pumzi, kama siku ile ya mteja na mbuzi wake.

“Sawa unapenda,” alisema Mama Eugénie.

Kitenge alihitaji mtu wa kushika ncha ya futi. Alimpa aliyekuwa karibu, naye alikuwa Germain, ambaye hajui kumkatalia mtu. Katekista akasimama ukutani na singleti yake, ameshika ncha ya kipimo kitakachobomoa nyumba aliyoililia, na uso wake ulionyesha kwamba analijua hilo.

Tantine Suzanne alisimama kutoka kwenye kiti. Mwanamke huyu akishindwa jambo kubwa hujitupa kwenye dogo. Alianza kukagua vitu kwa sauti.

“Mashati, iko. Kikombe, iko. Sikio ya kikombe, iko. Kofia, iko. Suruali, iko. Suti nyeusi.” Akaangalia huku na huku. “Suti nyeusi iko wapi? Nani alikamata suti?”

Watu walitazama miguu yao.

Suzanne alikumbuka, akajiziba mdomo kwa mkono. Alikuwa amechelewa.

“Octave njo aliikamata,” alisema Georges. “Bote balileta bintu, yeye tu bado. Basi Octave ailete.”

Aliwatazama mmoja mmoja.

“Octave iko wapi?”

Mama Eugénie alivuka ua. Alisimama mbele yake.

“Monsieur Georges, ulisha kukula?”

“Nilikula.”

“Ulikunywa maji?”

“Nilikunywa, Eugénie.”

“Ukae.”

Georges alikaa kwenye kiti chake mwenyewe chenye mguu wa bomba.

“Octave iko mu ile suti,” alisema Mama Eugénie. “Mwaka jana, mwanzo wa mvua. Homa ilimukamata siku ya kwanza, siku ya tatu ilimumaliza. Hakukuwa dawa ku hospitali. Tulimuvalisha suti yako juu njo alikuwa nayo ya muzuri. Ilikuwa kubwa ku mabega. Niliipunguza na uzi.”

Pasta Kabongo, barazani, aliinamisha kichwa bila kuombwa.

“Nyeusi ulipata wapi?” aliuliza Georges. “Uzi.”

“Nilifumua aproni yangu ya zamani.”

“Aksanti.”

“Hakuna neno.”

Futi ya Kitenge ilijirudisha yenyewe kwenye kibweta chake, krrr, maana Germain alikuwa ameiachia.

* * *

“Basi,” alisema Kitenge baada ya muda ambao yeye aliuona unatosha. “Minasikia huruma, kweli. Lakini Monsieur Georges, sisi tulipatana.”

“Tulipatana nini?” aliuliza Georges. “Sema mbele ya bote.”

“Ulisema utauzisha.”

“Nilisema nitamuuliza kwanza Octave. Akikubali, minauzisha. Akikataa, hapana. Njo vile nilisema?”

“Njo vile.” Kitenge alikunja miwani yake. “Lakini sasa Octave hawezi kukataa.”

Ilikuwa kweli. Hakuna uani aliyepata kosa katika maneno hayo, ingawa wengi walilitafuta.

Georges alimgeukia Mama Eugénie.

“Minye niko muzee,” alisema. “Ku Lyon minaishi mu chumba cha binti ya ndugu yangu. Ananitandikia kitanda, lakini saa ya kula anaangaliaka saa. Nilifikiri, nitauzisha nyumba, nitapata fasi yangu kule. Nilifikiri tena, hapana, Octave iko mule ndani, nitamuuliza. Octave angesema nini, Eugénie?”

“Unajua.”

“Sema.”

“Angesema, sawa unapenda, Patron.”

“Miaka yote aliniambia vile.”

“Miaka yote.”

“Nilizani alikuwa anapenda.”

“Siku ingine alikuwa anapenda,” alisema Mama Eugénie. “Siku ingine hapana. Weye haukuuliza mara ya pili.”

Georges alipokea hilo jinsi alivyopokea kikombe na sikio lake.

“Basi leo minauliza mara ya pili,” alisema. “Octave haiko. Minakuuliza weye. Niuzishe?”

Jua lilikuwa limefika juu ya paa la vigae. Tantine Suzanne aliliangalia, akaangalia baraza lenye vitu, akaangalia nyumba. Kwa sheria yake mwenyewe, kabla jua halijazama nyumba ilipaswa kurudi kwa mwenyewe. Kwa sheria hiyo hiyo, wifi yake na mtoto wa mdogo wake wangelala barabarani.

Berthe alimtazama mama yake kinywani. Alijua kitakachotoka. Amekisikia tangu utoto, jikoni, ngazini, mlangoni pa kila chumba, na ameona watu wanachukua chumba cha juu, kitanda kizuri, mguu wa kuku, kwa sababu ya maneno yale mawili. Aliyafungia macho.

Mama Eugénie alivuta pumzi.

“Sipende,” alisema.

Berthe akafungua macho.

“Unasema?” aliuliza Kitenge.

“Sisemi na weye, Papa. Chai yako inakuya.” Mama Eugénie hakumtazama. Alimtazama Georges, na sauti yake haikupanda hata kidogo. “Monsieur Georges, shati irudie. Kiti irudie, kofia irudie. Nyumba haitarudia.”

“Eugénie,” alisema Suzanne, “kama kintu moja inabakia inje, huyu muntu atakufwa.”

“Suti ilisha kubakia, dada Suzanne. Haitatoka kule iko. Kama ni kufwa, atakufwa juu ya suti. Nyumba haitaongeza kintu.”

Tantine Suzanne alilipima hilo jambo kwa kila upande. Kisha akakaa, akakunja mikono, na kwa uso wake watu wakajua kwamba sheria haina la kujibu.

“Ile siku nilikulilia,” Mama Eugénie aliendelea, “sikulia juu ya desturi. Nililia juu ulikuwa muntu yetu na ulikufwa fasi ya mbali, bila muntu wa kukufunga macho. Kisha nilisafisha hii nyumba. Nililaza bantu. Nilimuzika bwana yangu kutoka mulango ile. Hakuna mwaka nilisema minapenda ao sipende, juu hakuna muntu aliniuliza. Leo uliniuliza.”

Alichukua mashuka yake, akachagua moja, lile zuri, lisilo na kiraka, akamwekea Georges magotini.

“Chumba minakupatia. Ya juu, bila maji, mpaka siku ya kufwa ya kweli, na ile siku nitakulilia tena. Lakini nyumba ni yangu. Uchague, Monsieur Georges. Muteja, ao adui.”